Soksi za kuzuia maji: kabla hujatoa hela ipulize kwanza

Ndugu Mhariri,

Salaam na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba msinikatie sana maana nina mengi kidogo. Mvua zimeanza kuchanganya huku Mwanza, na kila zikianza zinarudi zile video za soksi za kuzuia maji kwenye simu zetu, mguu unatumbukizwa kwenye ndoo, unatolewa, soksi inavuliwa, mguu mkavu kabisa, na chini yake namba ya kulipia. Watu wananunua. Kuna wanaofurahi, na kuna wanaokuja kuniuliza mbona miguu inawanukia na kuwawasha ndani ya soksi ya laki nzima.

Wananiuliza mimi kwa sababu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, natembea nyumba kwa nyumba huku milimani, Igogo, Mabatini, mpaka kule juu ambako bodaboda anakwambia mama shukia hapa hapa. Anayepajua Mwanza anajua njia zetu za mawe mvua ikinyesha zinageuka mto, maji yanashuka na taka zake yanakupiga kifundoni huku wewe unapanda. Kwahiyo mguu mkavu kwangu ni suala la kazi. Hizi soksi nimezivaa, nimezifua, nimekagua na za watu, na ninachotaka wasomaji wajue ni kwamba ni kitu cha kweli na kinafaa, ila kinafaa maji ya aina moja na mwendo wa aina moja, na mtu asipojua maji yanamwingilia wapi atanunua kitu kizuri halafu akitupe uvunguni.

Tuanze na zilivyotengenezwa maana hapo ndipo tunapopigwa. Soksi ya kweli ya kuzuia maji ina matabaka matatu. La nje ni nailoni iliyofumwa pamoja na lastiki kidogo, kazi yake kuvumilia msuguano wa kiatu. La ndani ndilo linalogusa ngozi, linaweza kuwa sufu ya kondoo wa merino, poliesta, akriliki au nyuzi za mianzi. Katikati kuna utando mwembamba ambao huuoni, na huo ndio hasa unaoulipia. Mara nyingi ni wa poliyurethani, au ni wa jamii ya Gore-Tex, ule ulioanza 1969 pale Bob Gore wa Marekani alipoivuta kwa nguvu plastiki ya PTFE, hiyo hiyo inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika, ikatanuka ikawa na vijitundu vidogo mno ambavyo tone la maji halipenyi ila mvuke wa jasho unapita. Kwahiyo ukiona soksi imelowa nje inachuruzika usishtuke, tabaka la nje ni kitambaa tu na lazima lilowe. Nimeshaona mtu kaitupa soksi nzima kabisa kwa sababu hiyo, ameikamua nje imetoa maji akasema nimeibiwa, hakuingiza hata kidole ndani kuangalia.

Walioibiwa kweli nao wapo. Kijana wa jirani yangu, dereva wa bodaboda, aliagiza kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni zikaja kwenye pakiti nzuri yenye picha ya tone la maji. Siku ya kwanza mambo safi, maji yanaviringika juu ya soksi yanadondoka. Baada ya kufua fua zikawa zinanyonya maji kama kawaida. Akaniletea ile jozi ya pili ambayo alikuwa bado hajaivaa, nikaukusanya mdomo wa soksi, nikapuliza, hewa ikatokea vidoleni kote. Nikamwambia mwanangu hii haina utando wowote, hii ni soksi ya kawaida imepuliziwa dawa ya kufukuza maji na dawa imeondoka na sabuni. Soksi yenye utando ukiipuliza inajaa kama puto na ukiuminya mdomo wake hewa haina pa kutokea. Basi hicho ndicho kipimo cha kwanza na muuzaji hana sababu ya kukukatalia maana haimlowanishii mali. Ukiona kinyaa kuweka mdomo, itanue ichukue hewa, usokote mdomo wake haraka, kisha ubonyeze katikati, kama ni ya kweli itabaki imevimba.

Kipimo cha pili kinataka ndoo. Shika tishu kavu, ingiza mkono ndani ya soksi, zamisha mpaka chini kidogo ya mdomo, chezesha vidole, subiri dakika kama tano. Hapa kuna jambo linachanganya watu wengi sana. Utahisi ubaridi na utaapa kwamba maji yameingia. Ule ubaridi ni wa tabaka la nje lililolowa, linakula joto la mkono wako, na ngozi ya binadamu haina namna yake yenyewe ya kujua kwamba imelowa, inabahatisha kwa kutumia ubaridi na mguso. Tishu ndo shahidi. Itoe uitazame, ikiwa kavu basi soksi ni nzima hata kama mkono unakwambia vingine. Na njiani ni hivyo hivyo, mtu anahisi miguu imelowa saa nzima anafika anavua anakuta mikavu, ila baridi tu.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe.

Kuna maji ya majani. Asubuhi ukikatiza kwenye nyasi za huko Kisesa au Usagara, umande tu unatosha kulowanisha raba mpaka ndani, na kuna manyunyu, kuna madimbwi ya kukanyaga na kupita, kuna yale maji membamba yanayoteleza juu ya mawe. Hapo hizi soksi hazina mpinzani. Unavaa raba yako nyepesi, inalowa, inatoa maji yenyewe, mguu hauna habari. Mtu anayetembea mwendo mrefu akivaa gambuti kutwa anajua zinavyochosha, kisigino kinapanda kinashuka, magoti yanauma, na kwenye mawe yetu yaliyolowa soli ya gambuti la bei rahisi inateleza mpaka unashika ukuta. Raba yenye soli ya kushika pamoja na soksi ya kuzuia maji ni salama zaidi kwenye mawe. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Halafu kuna maji yanayopanda. Mto Mirongo ukijaa, mitaro ya Mabatini ikifurika barabarani, mtu anakunja suruali anavuka. Soksi inaishia kwenye shavu la mguu na maji yanafika gotini, kwahiyo yanaingia kwa juu, na utando uliozuia maji kuingia ndio huo huo unaoyazuia kutoka. Soksi ya kawaida ingejichuja ndani ya dakika chache, hii inabaki imejaa, kila hatua inafanya chubwi chubwi mpaka usimame uvue umwage. Wauzaji wanaonyesha ndoo isiyofika hata nusu ya soksi. Kwa hiyo ndugu zangu kipimo cha urefu wa soksi ni kina cha maji unayopita kila siku na sio urembo. Zipo za kifundoni, zipo za katikati ya shavu la mguu, zipo za kufika karibu na goti. Zile fupi za kifundoni kwa Mwanza naona ni kupoteza hela kabisa, zinafaa wakimbiaji wa barabara za lami. Anzia za katikati ya shavu kwenda juu.

Na kuna maji yanayoshuka, ambayo kwenye matangazo huwezi kuyaona kwa sababu wanaopigwa picha wote wamevaa suruali. Sisi wanawake wengi tunavaa sketi na vitenge. Mvua ikinyesha maji yanateremka kwenye muundi wazi wazi yanaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa soksi, yaani dakika kumi tu za mvua kubwa na umejaza soksi bila kukanyaga hata dimbwi moja. Mwenye suruali ya mvua dawa yake rahisi, ishushe juu ya soksi, usiichomekee ndani, maana ukichomekea umeyatengenezea maji mfereji. Mwenye sketi avae hata taiti ya nailoni ndefu inayoshuka mpaka juu ya soksi, au atafute soksi zenye mkanda wa silikoni kwa ndani ya mdomo, zipo, mkanda unashika ngozi maji hayapiti kirahisi. Ila mkanda huo usimbane mjamzito mwenye miguu inayovimba wala mtu mwenye vidonda vya mishipa, akivua akakuta alama ya duara imezama kwenye ngozi basi hiyo haimfai.

Maji ya mwisho ni jasho, na hapa ndipo sisi wa Ziwa tunatofautiana na wenye soksi zao. Hizi soksi kampuni kubwa zinazojulikana kama SealSkinz ni za Uingereza, zimefikiriwa kwa mtu anayetembea kwenye baridi ya nyuzi 5 na mvua ya siku nzima. Utando wowote unaopitisha mvuke unahitaji ndani kuwe na joto na unyevu kuliko nje, ndio mvuke unapata msukumo wa kutoka. Ziwa letu liko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari kwahiyo hatuna joto la Dar, lakini mchana nyuzi 27 au 28 ni kawaida, na mvua ikikatika jua likatoka hewa inakuwa nzito na mvuke umejaa kila mahali. Hapo jasho la mguu linaenda wapi? Linabaki ndani. Na tabaka la nje likiwa limelowa chapachapa ndo kabisa linazidi kukwama. Ndo maana mtu anavaa saa mbili asubuhi anavua saa kumi jioni anakuta mguu mweupe, umekunjamana, unanuka, anasema soksi imevuja. Haijavuja, ni maji yake mwenyewe.

Kwahiyo matumizi yangu na ninayowashauri watu ni kuzivaa kipindi cha maji na kuzivua maji yakiisha. Asubuhi umande na matope, vaa. Jua likitoka njia ikakauka, kaa kwenye jiwe, vua, futa miguu hasa katikati ya vidole, vaa soksi nyepesi kavu uliyobeba kwenye mfuko. Ukienda mwendo wa siku nzima basi kila unapopumzika kula, miguu ipate hewa. Tabaka la ndani likiwa jembamba la merino linasaidia zaidi, sufu inaweza kunyonya unyevu mwingi, karibu theluthi ya uzito wake, kabla hujahisi majimaji, na haishiki harufu haraka. Poliesta inakauka upesi ukifua ila inanuka mapema. Pamba ikae mbali kabisa na mguu wa kutembea kwenye maji, na kuna watu wanavaa soksi ya pamba ndani ya soksi ya kuzuia maji wakidhani inanyonya jasho, inanyonya kweli halafu inalishikilia hapo hapo kwenye ngozi mpaka malengelenge yatoke.

Msizivae ndani ya gambuti. Naliandika peke yake kwa sababu naliona kila msimu pale Mwaloni Kirumba na kwenye mialo, kina mama wa dagaa na vijana wa kubeba samaki wanaongezea soksi hizi ndani ya gambuti wakiamini ulinzi umekuwa mara mbili. Gambuti ni mpira, hakuna mvuke unaopita kwenye mpira, kwahiyo ule utando wa hela nyingi hauna kazi yoyote humo ndani, umeongeza joto tu. Kwenye gambuti vaa soksi ndefu ya sufu au ya mchanganyiko wa nailoni, mbili za kubadilisha, na usiku gambuti zigeuzwe zikauke ndani. Mwenye kazi ya kusimama majini na kuosha samaki kutwa achague gambuti, asipoteze hela kwenye soksi. Vile vile mkulima wa mpunga kwenye majaruba ya Magu na Kwimba, tope la jaruba litazidi urefu wa soksi yoyote.

Niseme na afya maana ndio shamba langu. Mguu ukikaa kwenye unyevu muda mrefu ngozi inalainika, inachanika, fangasi wanaingia katikati ya vidole. Kwenye vita ya kwanza ya dunia askari walioza miguu kwenye mahandaki ya Ulaya kwa baridi na maji, halafu miaka ya 1960 askari wa Marekani kule Vietnam wakaumwa miguu kwenye mashamba ya mpunga yenye maji ya uvuguvugu, kwahiyo asikudanganye mtu kwamba huku hakuna baridi basi kulowa hakuna madhara. Dawa iliyowasaidia ilikuwa kukausha miguu kila siku na kubadilisha soksi, hakuna uchawi.

Mwenye kisukari naomba anisikilize zaidi ya wengine. Kisukari kinaweza kuua hisia za miguu, kwahiyo mkunjo mdogo wa soksi au punje ya mchanga inasaga ngozi na wewe huna habari, na hizi soksi ni nene na ngumu zaidi ya za kawaida, zikijikunja zinaumiza kweli. Kabla ya kununua aongee na wahudumu wa kliniki yake, na akizivaa avue akague miguu mara kwa mara, kwa macho, asitegemee kuhisi.

Na jamani kichocho. Ziwa Victoria lina kichocho, hilo tunalijua toka tukiwa watoto, wadudu wake wanatoka kwenye konokono wa majini na wanapenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache tu. Nimeshasikia baba mmoja anamwambia mwanae chukua soksi zangu uingie ukachote maji. Hapana baba. Soksi inafunika chini ya goti, mtoto anaingia maji ya mapajani, na hata yakiingia kwa juu tu yamefika kwenye ngozi. Soksi hizi ni za kutembelea nchi kavu iliyolowa, ziwani hazikupi ruhusa yoyote. Kadhalika maji ya mafuriko yenye mkojo wa panya, wengi wanaikumbuka homa ya mgunda ya mwaka 2022 kule Lindi iliyoua watu 3, ile inaingia kwa vidonda na michubuko. Ukiwa na kidonda mguuni na mtaa umefurika, subiri maji yapungue au vaa gambuti refu. Ziwa nalo likipanda kama lilivyopanda 2020 mpaka kuivunja rekodi ya 1964, watu wa ufukweni mnatembea majini wiki hata wiki, pale gambuti ndo mwenzako.

Tukirudi kwenye kuchagua, saizi. Watu wanaagiza kwa namba ya kiatu halafu wanazivalisha kwenye raba ile ile inayobana tangu zamani. Utando hautanuki sana, na soksi ina unene, kwahiyo raba ikibana damu haitembei vizuri, mguu unapoa na unakufa ganzi. Nenda na raba yako dukani, vaa soksi, vaa raba, simama, ona vidole vinacheza. Pakikosa nafasi toa ile soli laini ya ndani ujaribu tena, ikishindikana kiatu kiongezwe namba. Soksi nayo isiwe kubwa, maana kikibaki kitambaa kinachoning'inia kwenye kisigino kitajikunja na mkunjo ndio lengelenge. Igeuze ndani nje upitishe kidole pale vidoleni, zile za zamani zina mshono mnene wa kuunganishia utando na utausikia kila hatua ya kuteremka mlima. Ukiitikisa ikakwaruza kwa sauti ujue ni ngumu, itahitaji siku za kuizoea. Na mnaovaa ndala, poleni, hizi hazina mgawanyo wa kidole gumba. Sandali za kufunga zinakubali lakini mawe na mchanga vitaitafuna soksi haraka.

Raba ya matundu matundu, yaani ya wavu juu, ndiyo rafiki wa soksi hizi kuliko kiatu cha ngozi. Inaingiza maji na inayatoa. Kiatu cha ngozi kikilowa kinayashika na unabeba uzito bure.

Kucha zikatwe. Ukucha mmoja mrefu wa kidole gumba unautoboa utando kwa ndani na hutajua mpaka siku ya mvua kubwa. Punje za mchanga ndani ya kiatu zinafanya hivyo hivyo kwa nje, kung'uta raba kabla ya kuvaa. Kufua ni kwa mkono, maji ya kawaida au vuguvugu, sabuni kidogo ya maji, usitie jiki wala dawa ya kulainisha nguo, usikamue kwa kusokota, bonyeza tu maji yatoke. Anika kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje, ikikauka igeuze nje ikauke tena. Juu ya bati la jua kali hapana, pasi hapana. Na ujue hazikauki haraka ndani, ukiloanisha ndani jioni usitegemee asubuhi zimekauka, na mtu mwenye jozi moja awe na mpango wa pili.

Zamani tulikuwa tunavaa mfuko wa rambo juu ya soksi, watu wa rika langu mnakumbuka, mpaka mifuko ilipopigwa marufuku Juni 2019. Leo bado wapo wanaotumia mifuko ya mikate. Kwa kutoka nyumbani mpaka kituo cha daladala inafaa na haina gharama, ila ndani ya nusu saa jasho limejaa na plastiki inateleza, kwenye mawe ni hatari. Kuna pia zile soksi nyeusi nene za mpira wanazovaa wazamiaji, wauzaji wengine wanaziita za kuzuia maji. Zile zinaruhusu maji yaingie kisha yapate joto la mwili, ni za kuogelea na kuzamia, usitembelee mlima.

Bei. Kule Uingereza jozi ya kampuni zinazoaminika ni kama paundi 30 mpaka 50, ukipiga hesabu kwa shilingi yetu ni kuanzia karibu laki moja kwenda juu kabla ya kusafirisha. Za Uchina zipo za chini ya hapo na baadhi ni nzima kabisa, zimefaulu kupulizwa na ndoo, kwahiyo usihukumu kwa nchi. Ila ukiona elfu nane na maneno ya kuzuia maji asilimia mia, tumia pumzi yako kabla ya hela. Nani anunue? Msoma mita, mwalimu anayetembea kilometa nyingi kwenye nyasi, mhudumu kama mimi, mchungaji wa ng'ombe, anayepeleka wageni kutembea milimani au kisiwani Saanane, vijana wa jogingi za alfajiri wenye uwezo. Anayetoka nyumbani kwenda ofisini Nyamagana kwa daladala, mama yangu, nunua soksi mbili za kawaida za nailoni na ubebe jozi ya kubadilisha ofisini, laki moja yako lipia kitu kingine.

Mitumba nayo watu wananiuliza sana, Mlango Mmoja mara moja moja kwenye marundo ya soksi inajitokeza jozi ya kweli na muuzaji mwenyewe hajui anauza nini. Roho inatamani. Mimi siwashauri, kwa sababu soksi ya mtumba ya kawaida unaweza kuichemsha kuua fangasi wa mwenyewe wa kwanza, hii ukiichemsha unaharibu maungio ya utando, na kitu kilichovaliwa miaka kadhaa Ulaya utando wake huenda umeshachoka pale kisiginoni. Koti la mvua la mtumba nunua. Soksi acha.

Ombi langu kwa wafanyabiashara wa Makoroboi na wale wa mtandaoni, wekeni ndoo ya maji na jozi moja ya kujaribia, mteja apulize, azamishe, aone tishu. Andikeni kwa Kiswahili urefu wa soksi kwa sentimita, tabaka la ndani ni la nini, na kama ina utando au imepuliziwa dawa tu. Wa mtandaoni pigeni video ya kuipuliza, ni sekunde kumi. Anayeuza kitu halali hapo hapotezi chochote, na mimi mwenyewe nitamletea wateja kutoka kila nyumba ninayopita. Na wewe Mhariri ukipata nafasi mtume mwandishi wako azunguke na ndoo kwenye maduka machache hapa mjini kabla masika haijakolea, atuandikie alichokiona.

Ni mimi msomaji wenu,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Igogo, Mwanza